Kwangu Kiti Kilikuwa Sawa

Naam wasomaji wangu, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Niliwaahidi sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata, na itakuja, msinipigie kelele. Lakini leo naomba mnivumilie niandike juu ya kitu ambacho hakina hata mstari mmoja wa programu: springi iliyo chini ya kiti cha dereva. Ile inayohakikisha kwamba ukishasogeza kiti mbele au nyuma, kinakaa pale pale ulipokiacha. Wiki chache zilizopita sikujua hata kama ipo. Sasa naijua kuliko nilivyotaka, na sababu ya kuijua si nzuri.

Nyumbani tuna gari moja, dogo, la mtumba kutoka Japani kama magari mengi ya hapa Kenya. (Kampuni iliyolitengeneza siitaji, na mtaona mbele kwamba sina kesi nayo.) Asubuhi analichukua mke wangu, ambaye hataki jina lake lionekane mtandaoni kwa hiyo hapa ataitwa Mama Watoto. Jioni na wikendi naendesha mimi. Mimi ni mrefu, futi sita na ushee. Yeye ananifika begani. Kwa hiyo kila siku ya Mungu kile kiti kinafanya safari mbili: asubuhi kinaenda mbele, jioni kinarudi nyuma mpaka mwisho wa reli.

Mara ya kwanza aliniambia tukiwa mezani. "Baba, kile kiti cha gari kina shida. Nikipanda kilima kinarudi nyuma." Nikamuuliza kama alikivuta mpaka kikalia "tak". Akasema ndiyo. Nikachukua ufunguo, nikashuka, nikaketi na kukitikisa kwa nguvu zangu zote. Hakikusogea. Nikapanda ngazi nikamwambia maneno ambayo kila mtu wa kazi yangu ameyasema, na dhambi zetu nyingi zimeanzia hapo: "Kwangu kiko sawa."

Baada ya wiki mbili akarudia. Safari hii nilimwambia labda anaachilia leva mapema. Yaani, nilimlaumu mtumiaji.

Mara ya tatu ilikuwa simu. Alikuwa kwenye kile kilima cha karibu na shule, foleni imesimama, bodaboda mbele, lori nyuma. Foleni ikasogea, akaachia breki na kukanyaga mafuta, na kiti kikateleza nyuma mpaka mwisho. Miguu yake ikabaki inaning'inia, haifiki kwenye breki wala mafuta. Gari likaanza kurudi. Alishika usukani kwa mkono mmoja na kwa mwingine akavuta handbreki, na gari likasimama hatua mbili tu kutoka kwenye bampa ya lori. Mtoto wetu wa miaka saba alikuwa amekaa nyuma yake, kiti kikambana magoti. Hakuumia, alilia tu kwa hofu. Mama Watoto aliegesha pembeni akanipigia. Hakunigombeza. Alisema, "Njoo uchukue gari lako," akakata.

Siku hiyo nililala chali kwenye sakafu ya gari, tochi ya simu mkononi, na ndipo nilipoelewa upumbavu wangu. Nikiketi mimi, kiti kiko mwisho kabisa wa reli, kimeegemea kizuizi cha chuma. Hata ungeng'oa komeo lote, hakina pa kurudi. Nilikuwa nimekipima mahali pekee ambapo hitilafu ile haiwezi kuonekana, kisha nikafunga malalamiko. Dalili nilikuwa nayo, kwani nikifunga breki ghafla nilisikia kiti kikijipinda kidogo upande mmoja, lakini nikadhani ni mambo ya barabara zetu.

Sasa hebu tuangalie kilicho chini, maana ni kitu kizuri ukikielewa.

Kiti cha mbele kinakaa juu ya jozi mbili za reli, moja kila upande. Reli ya chini imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya gari. Reli ya juu imeshikana na kiti. Zote mbili ni bati nene la chuma lililokunjwa kingo, na kingo za moja zimeingia ndani ya kingo za nyingine, ili kiti kiweze kuteleza mbele na nyuma lakini kisiweze kunyanyuka. Katikati yake mara nyingi kuna gololi ndogo zinazofanya mwendo uwe laini. Kwenye reli ya chini kuna safu ya matundu. Kwangu nilipima kwa rula nikapata milimita 10 kutoka tundu hadi tundu. Kwenye reli ya juu kuna komeo, kipande cha chuma chenye meno machache yanayoingia ndani ya matundu hayo. Meno yakiingia, kiti kimefungwa.

Ile leva unayoivuta kwa vidole chini ya kiti ni chuma kimoja kilichopindwa kama herufi U, na ncha zake mbili zinafika kwenye makomeo yote mawili, la kushoto na la kulia. Ukiinua, meno yanatoka pande zote kwa pamoja. Ukiachilia, nani anayarudisha? Si mkono wako, wewe umeshaacha. Ni springi, moja kwa kila komeo. Kwenye gari letu ni waya mgumu uliosokotwa mizunguko michache, ncha moja imeshika reli na ncha nyingine inasukuma komeo. Muda wote ambao hugusi kitu, mchana na usiku, gari likiwa limeegeshwa au liko barabarani, waya huo unasukuma.

Kwa lugha ya kompyuta, kufungwa ndiyo chaguo-msingi. Kufungua kunahitaji mtu na nguvu. Aliyebuni hivi alikuwa na akili, kwa sababu dereva anaweza kusahau kufunga, lakini hawezi kusahau kuacha kuvuta.

Magari mengi yana springi ya pili, na hapo ndipo watu wengi huchanganya. Hiyo ni ndefu, ya mizunguko mingi, imetegwa kati ya sakafu na kiti, na kazi yake ni kuvuta kiti mbele ukiinua leva. Kwa nini mbele tu? Jaribu mwenyewe ukiwa umeketi. Kurudi nyuma ni rahisi, unasukuma sakafu kwa miguu. Kwenda mbele ni taabu, inabidi ushike usukani na kujikokota. Tena reli nyingi zimeinama, upande wa mbele uko juu kidogo, ili mtu mfupi anayesogea mbele anyanyuliwe pia aone barabara vizuri. Kwa hiyo unakwenda mbele na kupanda, na springi inakusaidia kubeba uzito. Kwenye magari ya milango mitatu ndiyo inayorusha kiti mbele ili abiria wa nyuma aingie.

Springi hizi mbili zinakaa karibu karibu, zote ni waya wa chuma, na ukiziweka mezani ungedhani ile kubwa ndiyo muhimu. Ikikatika kubwa, unapata usumbufu: kiti kizito, unajikokota. Ikikatika ndogo hupati chochote. Hakuna kelele wala taa kwenye dashibodi. Leva inanyanyuka kama kawaida, hata wepesi wake unaufurahia. Kiti kinateleza vizuri kuliko jana.

Nilimpelekea gari fundi wa mtaani kwetu, mzee ambaye amekuwa chini ya magari tangu kabla sijazaliwa. Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza. Hakukitikisa kiti. Aliketi, akakisogeza katikati ya reli, akaachilia, akajaribu kujisukuma nyuma. Kikahama. Akakisogeza tundu moja, akarudia. Kikashika. Tundu lingine, kikahama tena. Akapita reli yote hivyo, tundu kwa tundu. Bila kujua alikuwa akinifundisha kazi yangu mwenyewe. Kisha akatoa waya wa betri kabla ya kugusa bolti yoyote. Chini ya viti vya magari ya siku hizi hupita nyaya za mifuko ya hewa na za mikanda, soketi zake za manjano, na ukizichezea umeme ukiwepo unaweza kulipua mfuko usoni pako au kuacha taa ya hitilafu ikiwaka daima.

Bolti nne zikatoka, kiti kikapinduliwa. Tulikuta shilingi 30 za sarafu, penseli, makombo ya maandazi ya mwaka jana, na kwenye reli ya ndani, upande wa kishikio cha mkanda, ncha moja ya springi ndogo ikiwa imelala peke yake. Imekatika pale ilipopindwa kushika komeo. Mahali hapo palikuwa na doa la kutu. Doa lilitoka wapi? Tazama juu: mtoto, juisi, miaka minne.

"Chuma kimechoka, mkubwa," fundi akasema.

Na ndilo neno lenyewe, hata wahandisi hulitumia. Chuma unachokipinda kidogo kisha ukakiachilia hurudi kama kilivyokuwa, ndiyo sababu kinaitwa springi. Lakini ukirudia maelfu ya mara, mahali penye mkwaruzo au kutu panaanza ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo unakua kila mara inapopindwa mpaka siku kipande kilichobaki kinashindwa. Mjerumani August Wöhler alitumia miaka ya 1850 na 1860 kuchunguza ekseli za magari ya moshi zilizokuwa zikivunjika kwa mizigo ambayo zingeibeba bila shida siku moja. Kilichozivunja ni kurudiwa kwa mzigo, si ukubwa wake.

Nikafanya hesabu. Safari mbili za kiti kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni 600. Kila safari unainua leva kama mara tatu mpaka upate mahali unapotaka. Hiyo ni mara 1,800 kwa mwaka, 7,200 kwa miaka minne tuliyokuwa nalo. Na kabla yetu kulikuwa na mtu Japani, hatujui alikuwa na mke mfupi au la.

Basi kwa nini kiti hakikuwa huru kabisa? Kwa sababu springi ya upande wa nje ilikuwa bado nzima. Komeo moja lilikuwa linafanya kazi ya mawili. Lakini makombo na vumbi lililogandishwa na juisi vilikuwa vimejaa kwenye matundu ya katikati ya reli, pale kiti kinapokaa Mama Watoto akiendesha, na meno yalikuwa yanaingia nusu. Nusu inatosha kulia "tak". Haitoshi kushika mtu kilimani. Matundu ya nyuma, ninapokaa mimi, yalikuwa masafi.

Kilima nacho ni kitu kidogo. Fikiria gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Piga hesabu, utapata mpunguo wa mwendo ulio mara 14 hivi ya mvuto wa dunia. Kiti cha kilo 20 kwa dakika hiyo kinavuta reli kama mzigo wa kilo 280, kabla hujaongeza mtu. Marekani wana kanuni ya viti, namba 207, iliyoanza kwa magari madogo mwaka 1968, inayotaka kiti kihimili nguvu ya mara 20 ya uzito wake, mbele na nyuma, na kibaki mahali kilipowekwa. Meno machache ya chuma yanaweza kazi hiyo, mradi yawe ndani ya matundu. Yakiwa nje, mkanda umekufunga kwenye kiti ambacho chenyewe kinasafiri.

Nyumbani usiku nikaanza kusoma, kama kawaida yetu. Kumbe hatukuwa wa kwanza. Tarehe 9 Aprili 2014 Toyota ilitangaza kuyaita magari kama milioni 6.39 duniani kwa hitilafu kadhaa tofauti, na mojawapo ilikuwa hii hii: springi za kufunga reli za viti zingeweza kukatika kiti kikisogezwa mara nyingi, na kiti kingeweza kuhama wakati wa ajali. Kule Marekani magari yaliyotajwa kwa hitilafu hiyo yalikuwa Yaris za 2006 hadi 2010 na Scion xD za 2008 hadi 2010. Yaris ya umbo hilo ndiyo Vitz yetu, ile unayoiona kila unapogeuza shingo Nairobi.

Jambo hilo lilinikalia moyoni, ingawa gari langu ni la kampuni nyingine. Kampuni ikiita magari, barua humfuata mwenye gari kwenye usajili. Gari la Japani likishafutwa kwenye usajili wa kule na kupanda meli kuja Mombasa, barua haimjui mwenye gari mpya. Sheria yetu inakubali mtumba usiozidi miaka minane, kwa hiyo gari la 2007 lingeweza kuingia nchini hata baada ya tangazo lile, na mnunuzi akalipa ushuru, akapewa ufunguo, na asiambiwe neno juu ya springi. Labda ilibadilishwa kule, labda haikubadilishwa. Lakini kuangalia hakuhitaji pesa. Kampuni kubwa za Japani zina kurasa za kuingiza nambari ya chesi ili kuona kama gari lina wito ambao haujashughulikiwa. Ziko kwa Kijapani, lakini mfasiri wa kwenye simu anatosha. Niliingiza ya kwangu. Hakuna kitu. Kwa hiyo kosa lilibaki nyumbani: juisi, makombo, na mimi.

Kuna jambo bado linanisumbua kichwani, mnisaidie. Mwaka 1854 Elisha Otis alisimama juu ya lifti mbele ya watu New York, kamba ikakatwa, na lifti haikuanguka. Uzito wa lifti kwenye kamba ndio uliokuwa umekunja springi ya bapa, kama za magari ya farasi. Kamba ilipokatika springi ikajinyoosha na kuingiza makucha kwenye meno ya nguzo. Malori yetu nayo ni hivyo hivyo. Breki ya kuegesha inafungwa na springi kubwa, na upepo ndio unaoifungua. Ndiyo maana asubuhi unamwona dereva ananguruma pale pale akisubiri upepo ujae. Upepo ukivuja, lori linajifunga.

Kiti pia kimebuniwa hivyo, springi inafunga na mkono unafungua. Tofauti ni pale springi yenyewe inapokatika. Ya lori ni ya kubanwa, imefungiwa ndani ya kopo, na ikikatika vipande vinabaki mle mle vikiendelea kusukuma kwa sehemu kubwa ya nguvu. Ya kiti chetu ni waya wa kusokotwa wenye ncha moja inayofanya kazi. Ncha ikiondoka, nguvu yote imeondoka. Najua kopo lina gharama na nafasi chini ya kiti ni finyu. Lakini ningekuwa mimi, ningeweka springi mbili kwa kila komeo, au walau leva ilegee na kuning'inia springi moja inapokufa, ili hata mtu mkaidi aone.

Matengenezo hayakuwa na mengi. Kulikuwa na kijana pale gereji aliyependekeza tuchomelee upande mmoja, na mwingine akaleta springi ya breki ya baiskeli. Fundi akawafukuza. Springi ile haikuuzwa peke yake popote tulipouliza, kwa hiyo nilikwenda Barabara ya Kirinyaga kwenye spea za ex-Japan, nikapata jozi kamili ya reli kutoka gari lililovunjwa, nikaikagua kwa tochi kabla ya kulipa mpaka muuzaji akachoka nami. Fundi aliosha reli kwa mafuta ya taa, akapaka grisi kidogo sana kwenye gololi na kuacha meno makavu, kwani grisi inakusanya vumbi, akafunga bolti nne, akarudisha betri.

Wewe ukitaka kuangalia lako, fanya gari likiwa limesimama na handbreki iko juu. Inua leva kidogo uiachilie. Inatakiwa iruke yenyewe kurudi, si kudondoka. Kisha pita reli yote kama alivyofanya mzee, na kila mahali ujisukume nyuma na mbele bila kugusa leva. Mwishowe mulika pande zote mbili uone meno yameingia sawa. Na kama kuna mtu mwingine anaendesha gari hilo, anza na mahali anapokaa yeye.

Jumamosi Mama Watoto alikubali kulijaribu, kwa sharti moja: mimi nikae nyuma yake, mahali pa mtoto. Alisogeza kiti mbele, kikalia, akajisukuma nyuma mara tatu bila kuambiwa. Tukaenda mpaka kile kilima. Akasimama katikati makusudi, akaachia breki, akakanyaga mafuta. Mimi magoti yangu yalikuwa yamekunjwa mpaka kidevuni, macho kwenye ile reli. Kiti hakikusogea. Tulipofika juu aliniangalia kwenye kioo.

"Kwangu kiko sawa," akasema.

Hifadhidata ni wiki ijayo, panapo majaliwa.